Kuhamia kwa Ndugu Mwenye Ulemavu

(Hotuba ya Kamati ya Wakimbizi, tarehe 3 Desemba, Siku ya Watu Wenye Ulemavu)



Siku hii iliwekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1992. Hatukuja kutoa sifa tu. Tunataka kusema juu ya mtu anayehama kwake kwenda kuishi na ndugu mwenye ulemavu anayepokea msaada, ili amhudumie.

Tuanze na kosa letu. Mama mmoja wa hapa kambini hatembei tangu vita vya kwetu Kongo. Binti wa dada yake alihamia kwake. Sisi wa kamati tukasema upesi, "Unganisheni kadi." Mama mwenyewe hatukumwuliza. Akatuambia, "Wanangu, miguu yangu ndiyo iliyokufa, si mdomo."

Alikuwa na sababu. Mwaka 2021 hapa Rwanda ulianza utaratibu wa kugawa msaada wa chakula kwa kadiri ya uhitaji, na kinachotazamwa ni kaya nzima. Mtu mzima mwenye nguvu akiandikwa kwenye kadi, kaya si ile ya jana.

Kwa hiyo tunashauri hivi.

Kwanza, jamaa wakae kikao, na mwenye ulemavu awe wa kwanza kusema.

Pili, kabla ya kugusa kadi, nendeni naye kwa maofisa wa uandikishaji, mkaulize kitakachobadilika. Kama shida ni kwenda kupokea posho tu, ulizeni juu ya kumwandikisha mtu wa kumpokelea. Msifiche neno, uongo ukigunduliwa, anayeumia ni mgonjwa.

Tatu, msaada ni wa mwenyewe. Pesa zihesabiwe mbele yake. Mhudumu si mrithi. Na anayehamia kwa tamaa ya safari ya Marekani au Ulaya, asimtumie ndugu yake kama tiketi.

Nne, kazi hii haina usiku wala mchana. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, na visigino, nyonga na mgongo hukaguliwa kila siku, maana kidonda cha kulala huanza na wekundu mdogo tu. Kuna kuogesha, kuna maji, kuna kupika. Mshahara hakuna. Mtu mmoja akiachiwa yote, tutapata wagonjwa wawili.

Yule mama na binti yake walikwenda ofisini pamoja. Kadi zao zimebaki mbili, na binti ndiye aliyeandikwa kumpokelea. Lakini ameacha shule, na hilo halijatengenezwa.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tusiwe watu wa namna hiyo. Tunaomba majirani sita wa kushika zamu asubuhi, siku moja moja kwa juma, ili binti arudi darasani. Karani ameketi pale mlangoni na daftari. Msitoke kabla ya kumpitia.