Karani wa Benki Haulizi Namba ya Siri

(Hotuba iliyotolewa Kisorya mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme machache kutokana na kazi niliyoifanya kwa miaka mingi, yaani ukarani wa benki. Nitazungumzia wizi wa simu, kwa sababu siku hizi fedha yetu ya dagaa, ya pamba na ya karo hupita katika simu, na mwizi ameifuata huko huko.

Zamani mtu aliyetaka kutoa akiba yake alikuja kaunta na kitabu chake. Aliweka sahihi, na asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Mimi karani nilikuwa na kadi yenye sahihi yake. Nililinganisha, nikamtazama usoni, ndipo nikahesabu fedha. Mwizi alilazimika kuja mwenyewe, na kuja kwake kulikuwa na hatari.

Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwetu mwaka 2008, na huduma nyingine zikafuata, kaunta imehamia mfukoni, na sahihi imegeuka kuwa namba ya siri. Lakini iko tofauti moja kubwa. Karani wa leo hana nakala ya namba yako ya siri. Haioni, wala haihitaji ili akuhudumie. Kwa hiyo anayekupigia akisema, "Natoka benki, nitajie namba yako ya siri," amekwisha kujitambulisha kwamba hatoki benki. Huna haja ya kumpima kwa sauti yake, wala kwa kulijua jina lako.

Sasa tazameni anavyofanya kazi. Mwizi huiambia mitambo ya benki kwamba yeye ni wewe, naye amesahau namba yake. Mitambo, ili kuhakikisha, hupeleka tarakimu chache kwenye simu yako. Hapo ndipo hukupigia: "Shikamoo mzee, akaunti yako inafungwa leo saa kumi. Nisomee tarakimu zilizoingia sasa hivi tuiokoe." Ukizisoma, komeo umelitoa wewe. Shikamoo hulegeza moyo, na ile saa kumi hukunyima nafasi ya kufikiri. Dawa yake ni kukata simu. Ukiwa na wasiwasi, nenda benki, au piga mwenyewe namba iliyoandikwa kwenye kadi yako.

Yuko pia anayedai amekutumia fedha kwa makosa. Usiusadiki ujumbe, tazama kwanza salio lako. Hata ukiikuta fedha imeingia, mwambie apeleke shauri kwa kampuni yake ya simu, irudishwe kwa utaratibu.

Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019, ulikusudiwa kumfichua mwizi. Naye akaanza kutafuta vidole vya wengine. Wakala akikuambia, "Kidole hakijakubali, weka tena," huenda anasajili laini ya pili kwa jina lako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa kitapeli upeleke namba 15040. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini hakuna sheria inayoweza kuirudisha siri iliyokwisha kutajwa.

Vijana, wengi wenu ndio mnaowasomea bibi zenu ujumbe, na kutuma fedha kwa niaba ya baba aliyeko ziwani. Namba ya siri ya mtu mzima mmeijua kwa sababu mmesoma. Hiyo ni amana. Usiiandike nyuma ya daftari, wala usimtajie rafiki. Afadhali umfundishe bibi aibonyeze mwenyewe, kwani anayehesabu madebe ya dagaa bila kukosea hashindwi na tarakimu nne. Na kumbukeni kwamba wanaofanya wizi huu nao wanajua kusoma na kuandika. Elimu waliyopewa wameigeuza panga la kuwakatia wazee wao.

Nanyi wenzangu, aliyeibiwa asichekwe. Nimewaona watu wakinong'ona kaunta kana kwamba wao ndio wakosaji. Aliyechekwa hunyamaza, na mwizi hupiga simu nyumba ya pili. Anayesema mapema, akaiarifu kampuni yake hata kama ni usiku, huenda fedha yake ikazuiwa kabla haijatolewa.

Abiria wa kivuko chetu cha kwenda Rugezi hamkabidhi mgeni mzigo wake eti kwa kuwa ameamkiwa vizuri. Fedha iliyomo simuni nayo ni mzigo. Hatuna budi kuushika wenyewe.