Mnara wa Wanafunzi Wauzwa

Juma hili nina kisa cha mjini Houston, Marekani.

Mwaka 1967 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice walianza kutangaza kutoka bwenini kwao, sauti ikisikika humo humo chuoni. Kituo kikakua, kikaitwa KTRU, na mwaka 1991 kikapata mtambo wa wati 50,000. Sasa jiji zima likawasikia.

Na walipiga nini? Si zile nyimbo ambazo kila kituo kinazirudia asubuhi hadi jioni. Walipiga bendi zisizojulikana, jazi ngumu, magitaa ya kelele na muziki wa mataifa ya mbali. Kijana wa miaka 19, anayesomea uhandisi, anaketi usiku wa manane na rundo la santuri, anachagua mwenyewe. Akikosea, anakosea hewani. Nani mwingine angempa kipaza sauti?

Basi, Agosti 2010 ikatangazwa kwamba chuo kinauza mnara, masafa na leseni kwa Chuo Kikuu cha Houston, kwa dola milioni 9.5. Mazungumzo yalifanyika bila wanafunzi kushirikishwa. Uongozi ulisema wasikilizaji ni wachache, na kwamba vijana siku hizi wanasikiliza kwa intaneti. Sehemu ya fedha, tukaambiwa, ingesaidia kujenga ukumbi wa chakula. Mimi sina ugomvi na chakula, lakini wali na redio havipimwi kwa mzani mmoja.

Tuwe wakweli: kisheria chuo kilikuwa na haki. Leseni ilikuwa kwa jina lake, si la wanafunzi. Waliandamana, wakapeleka pingamizi serikalini, na Aprili 2011 mauzo yakaidhinishwa hata hivyo. Ninachobishia mimi ni hoja ya uchache. Kituo kinachopiga kile ambacho wengine hawapigi kitakuwa na wasikilizaji wachache siku zote. Ndiyo kazi yake. Ukikihukumu kwa idadi ya vichwa, umekwisha kukifunga kabla hujakisikiliza. Mwaka huo huo vyuo vingine vya San Francisco na Nashville navyo viliwaondoa wanafunzi wao kwenye masafa ya FM.

Mnunuzi aliweka muziki wa kiklasiki wa Ulaya saa 24. Muziki mzuri, sikatai. Lakini haikupita miaka mingi: mwaka 2016 naye akayauza masafa hayo, yakaenda kwa kituo cha nyimbo za Kikristo.

Na wanafunzi? Hawakunyamaza. Waliendelea kwenye intaneti, wakaomba leseni ndogo, na Oktoba 2015 wakarudi hewani kwenye 96.1 FM. Leseni za namna hiyo haziruhusu kuzidi wati 100. Ukiondoka na gari chuoni, baada ya maili chache tu sauti inaanza kukwaruza.