Baiskeli ya Kazi: Kusimama Kwanza, Kupendeza Baadaye

Matini ya mazungumzo kwa wakaazi wa Michenzani kuhusu kuitengeneza na kuiboresha baiskeli ya safari za kila siku



Kabla jua halijapanda juu ya majumba ya Michenzani, baiskeli huwa zimeshaanza kazi. Mchuuzi wa samaki huelekea Darajani akiwa na tenga tupu juu ya keria. Muuza mikate hupita na boflo zilizofungwa vyema zisipate vumbi. Mwanafunzi huenda skuli akiwa amempakia mdogo wake nyuma. Mfanyakazi anayeishi ghorofa ya juu huteremka ngazi na baiskeli begani, na jioni huipandisha tena kwa mtindo huo huo. Kwa watu hawa baiskeli si mchezo. Ni nauli iliyobaki mfukoni, na kwa wengine ndiyo riziki yenyewe.

Baiskeli za mjini ni za namna mbili kubwa. Zipo zile ngumu za fremu ya chuma, za muundo wa zamani wa Kiingereza, ambazo wengi wanazijua kwa majina ya Phoenix, Hero na Raleigh. Zipo pia za mitumba kutoka Japani na Ulaya, nyingi zikiwa na kikapu mbele na fremu iliyoinama. Zote mbili, zikishafika mikononi mwa mwenyewe, hubadilishwa. Huongezwa keria ya nondo, mto wa sponji wa kukalia abiria, kengele ya pili, na kipande cha mpira nyuma ya madigadi chenye maneno ya hekima au ya kijembe.

Kuibadilisha baiskeli ifuate maisha ya mwenyewe ni ustadi wa zamani katika Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960, mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, vijana walitia mto juu ya keria wakawa wanavusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa neno bodaboda, ambalo leo limehamia kwenye pikipiki. Mto mmoja wa sponji ulizaa usafiri mzima.

Jambo linalostahili kusemwa kwa uwazi ni mpangilio wa fedha. Mwenye baiskeli mara nyingi huanza na kinachoonekana: rangi, vioo viwili, mashada ya plastiki kwenye usukani. Pambo halina kosa, na mtu hukitunza zaidi chombo anachokipenda. Kosa ni pambo kuitangulia breki. Shilingi ya kwanza iende kwenye kusimama, ya pili kwenye kuonekana, ya tatu kwenye kubeba, na ya nne kwenye wepesi wa kwenda. Ikibaki ya tano, hiyo ni ya kupendeza.

Kusimama

Baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa, hupita zaidi ya mita 4 kwa sekunde moja. Mtoto akichomoza ghafla kati ya daladala mbili, mita hizo 4 huwa zimekwisha kabla mkono haujafika kwenye breki. Kinachobaki ni uwezo wa raba na rimu.

Hapa ndipo msimu wa masika unapowaumbua wengi. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu hung'ara, lakini ikirowa raba huteleza juu yake na baiskeli huendelea kwenda ingawa breki imebanwa. Rimu ya aluminiamu hushika vizuri zaidi kwenye maji, tena ni nyepesi. Kuzitofautisha ni rahisi: sumaku hunasa kwenye chuma, haigusi aluminiamu. Hata hivyo, baiskeli za zamani zinazotumia breki ya fito badala ya waya hubana rimu kwa upande wa ndani, na zinahitaji rimu ya umbo lake maalumu. Mwenye baiskeli hiyo asinunue rimu mpya kabla ya kumuuliza fundi, maana huenda ikambidi abadilishe na breki zote.

Kwa asiyeweza kubadilisha rimu, lipo lisilo na gharama kubwa. Raba za breki zibadilishwe mapema kabla chuma chake hakijaanza kukwaruza rimu. Waya uliochanika hata uzi mmoja utolewe. Mvua inaponyesha, breki ibanwe kidogo kidogo mapema, ili raba ifute maji kabla ya kufika kwenye mzunguko wa Michenzani.

Ipo pia breki ya ndani ya habu, inayoshika kwa kurudisha pedali nyuma. Baiskeli ya Buffalo, inayosambazwa vijijini Afrika na shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005, hutumia breki ya namna hiyo, kwa sababu haina waya wa kukatika na maji hayaifikii kwa urahisi. Lakini mnyororo ukitoka, breki hiyo nayo imeondoka. Mwenye nayo ahakikishe breki ya mbele ipo na inafanya kazi.

Kuonekana

Wengi hudhani taa ni ya kumuonesha mwendeshaji njia. Katika barabara za mjini, kazi yake kubwa ni kumuonesha mwendeshaji kwa wengine. Dinamo inayosuguana na tairi kwa kawaida hutoa volti 6 na wati 3, nayo inatosha, ila ina udhaifu mmoja: gurudumu likisimama, taa nyingi za namna hiyo huzimika. Maana yake ni kwamba mwendeshaji anayesubiri kukata kona usiku, akiwa katikati ya barabara, hana mwanga hata kidogo. Kwa hiyo mwenye dinamo aongeze taa ndogo nyekundu ya kuchaji nyuma, au angalau rifleta nyekundu iliyo safi. Mbele mwanga uwe mweupe, nyuma uwe mwekundu, ili dereva ajue baiskeli inakuja au inakwenda.

Kununua tairi bila kujuta

Malalamiko ya kila siku ni ya mtu aliyenunua tairi namba 26, akafika kwa fundi, ikakataa kuingia. Muuzaji hakudanganya, na mnunuzi hakukosea kusoma. Zipo namba 26 za aina zaidi ya moja. Tairi ya 26 × 1⅜, inayotumika kwenye baiskeli nyingi za Kijapani, hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 590. Ile ya 26 × 1.95, ya baiskeli za milimani, hukaa kwenye milimita 559. Tofauti ni milimita 31, na hakuna nguvu za fundi zitakazoiondoa. Tairi ya 28 × 1½ ya Phoenix na wenzake ni ya milimita 635.

Dawa yake ni kutazama ubavuni mwa tairi kuukuu. Mara nyingi huandikwa namba mbili zilizotenganishwa kwa kistari, kama 40-635. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha pale tairi inapokaa. Namba ya pili lazima ilingane. Ya kwanza inaweza kuzidi kidogo, ikiwa madigadi na fremu zina nafasi, na kwa njia zenye mashimo tairi pana humpunguzia mwendeshaji mitikisiko. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani.

Kubeba

Katika baiskeli za muundo wa zamani wa Kiingereza, gurudumu la mbele huwa na spoku 32 na la nyuma 40. Waliozibuni walijua mzigo unakaa wapi. Spoku moja ikikatika, jirani zake hubeba kazi yake, na baada ya siku chache nazo hufuata. Spoku iliyokatika itengenezwe siku hiyo hiyo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Keria ya kuchomelea iteremshe miguu yake hadi kwenye ekseli, isining'inie kwenye fremu peke yake. Mzigo ukipita nyuma ya ekseli hunyanyua gurudumu la mbele, na usukani hupoteza utii. Bora mapakacha mawili yaliyolingana, moja kila upande, yakae chini, kuliko gunia moja lililopanda juu.

Abiria mwenye haki ya kwanza ni mtoto. Mtoto aliyepakiwa kwenye keria bila pa kuweka miguu huining'iniza, na mguu ukiingia kwenye spoku, gurudumu haliulizi. Kisigino huchunika na mfupa huweza kuvunjika, hata katika mwendo mdogo. Kinga yake si ghali: vikanyagio viwili vilivyofungwa imara, wavu au bamba la plastiki gumu kufunika gurudumu pande zote mbili, na kiti chenye egemeo na mkanda kwa mtoto mdogo. Kabla ya kununua kioo cha pili, mzazi anunue wavu huo.

Wavu huo huo huwafaa kina mama. Buibui, kanga na hata kanzu hunaswa na mnyororo au spoku, na mtu huanguka bila kujua kilichomvuta. Baiskeli yenye fremu iliyoinama, kava kamili ya mnyororo na wavu juu ya gurudumu la nyuma humuwezesha mwanamke kwenda kazini au sokoni kwa stara na salama. Msichana anayeacha baiskeli kwa khofu ya nguo yake kunaswa hurudishiwa safari yake na kipande cha plastiki, koleo na waya mwembamba.

Wepesi wa kwenda

Mji wetu ni tambarare, lakini upepo wa kusi ukivuma usoni, na mzigo ukiwa nyuma, tambarare hugeuka mlima. Baiskeli ya tairi 28 yenye meno 48 mbele na 18 nyuma husogea karibu mita 6 kwa kila mzunguko wa pedali. Friwili ya meno 22 ikiwekwa badala yake, husogea karibu mita 4.9. Mwendo hupungua, goti hupumzika. Kwa mbeba mizigo badiliko hilo ni la maana zaidi kuliko gia nyingi zisizopata vipuri. Fundi atalazimika kutazama kama mnyororo unahitaji kuongezwa urefu.

Kiti nacho kipimwe. Mwendeshaji akikaa na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Akiendesha kwa nyayo za mbele, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo nguvu hutoka bila maumivu.

Mnyororo hupimwa kwa rula. Pingili 24, kila moja ya nusu inchi, hutimia inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umechakaa na ubadilishwe. Zikiachwa hadi zizidi kwa sehemu moja ya nane, mara nyingi meno nayo yameshaliwa, na gharama huongezeka maradufu. Adui mkubwa kisiwani ni chumvi. Baiskeli iliyopita pwani ifutwe kwa kitambaa kilichorowa maji baridi, ikaushwe, kisha mnyororo utiwe mafuta ya mashine kidogo na ziada ifutwe. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwani huganda yakawa gundi ya mchanga. Gololi za habu zisafishwe na kutiwa grisi mpya baada ya masika.

Nyumbani na barabarani

Wanaoishi kwenye majumba wanajua uzito wa baiskeli ya chuma kwenye ngazi. Inaeleweka kwa nini wengine huifunga chini ya ngazi au kwenye ujia. Hata hivyo, siku ya moto au ya mgonjwa kuteremshwa usiku, ujia ule ndio mlango wa pekee. Majirani wakubaliane mahali pa kuegesha pasipoziba njia, na kila mmoja afunge fremu pamoja na gurudumu, si gurudumu peke yake.

Ni kweli kwamba si kila ajali hutokana na baiskeli. Shimo la barabarani na taa ya mtaani iliyozimika si makosa ya mwendeshaji, na mkaazi ana haki ya kuyafikisha kwa Sheha na kwa Diwani wake, akitaja mahali hasa. Lakini shimo likisubiri kuzibwa, breki haina sababu ya kusubiri.

Basi, jioni moja wiki hii, kila mwenye baiskeli aigeuze chini juu mbele ya mlango wake. Abane breki zote mbili. Azungushe magurudumu na kupapasa spoku moja moja. Atazame taa ya nyuma. Amuweke mtoto wake kwenye keria na kuangalia miguu yake inakaa wapi. Ukaguzi huo hauzidi robo saa, na fundi aliye karibu atamalizia kilichobaki. Shada la plastiki litaendelea kupepea kwenye usukani, na litapendeza zaidi likirudi nyumbani salama pamoja na mwenyewe.