Chakula cha Mifugo Wakati wa Ukame, na Msaada wa Serikali

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imenipa heshima ya kusema nanyi juu ya jambo linalotugusa sote. Wengi wetu twafanya kazi mjini, lakini ng'ombe, mbuzi na kondoo wetu wako nyumbani mikononi mwa ndugu zetu. Mvua ikikosekana, barua na simu za kuomba fedha hutujia sisi, na hazina ya Chama hiki hupungua. Kwa hiyo yafaa tujue msaada wa Serikali ni wa namna gani, na wapi unapokoma.

Ukame si mgeni kwetu. Wazee wakongwe wanakumbuka ule wa 1960 na 1961, ulioangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Wamasai katika Kajiado, na mafuriko yaliyofuata mwishoni mwa 1961. Wengine wanaukumbuka ule wa 1984. Lakini tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika nyanda kame. Mwezi Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba ukame huo ni janga la taifa. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Mwishoni mwa 2023 mvua kubwa za El Niño zikaleta mafuriko, na wengine waliosalia wakachukuliwa na maji.

Msaada wa Serikali umekuja kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kugawa nyasi kavu na vyakula vya mifugo vya viwandani. Msaada huu ni mwema, lakini tufanye hesabu. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 250 hula yapata kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. Kwa siku 90 atahitaji kilo 540, yaani marobota 36 ya kilo 15. Mwenye ng'ombe kumi atahitaji marobota 360. Hakuna Serikali iwezayo kupeleka mzigo huo katika kila boma. Basi nyasi za msaada zitumike kwa mitamba na majike wenye mimba, ambao ndio mbegu ya kundi la kesho. Tena ng'ombe aliyekonda asipewe nafaka nyingi kwa ghafla, kwa maana tumbo lake huharibika, akafa na chakula kikiwa mbele yake.

Njia ya pili ni kununua mifugo kabla haijafa, kazi ambayo imefanywa na Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1950. Njia hii huokoa thamani ya mnyama na kupunguza midomo malishoni. Lakini mara nyingi mwenye mali hungoja, akitumaini mvua, mpaka ng'ombe hawezi kusimama wala kupanda lori.

Njia ya tatu ni bima. Mwezi Oktoba 2015 Serikali ilianza mpango wa bima ya mifugo katika Wajir na Turkana, na baadaye ukaenea hadi kaunti nane. Serikali yenyewe ililipa ada kwa ajili ya jamaa maskini, kila jamaa wakikingiwa mifugo yenye thamani ya ng'ombe watano. Setilaiti hupima kutoka angani ukijani wa malisho. Malisho yakipungua chini ya kiwango, fedha hulipwa. Malipo hayangoji kuhesabu mizoga. Maana yake ni kwamba mfugaji apate kununua nyasi, maji na dawa mnyama akiwa bado hai. Tangu 2022 uko mpango mwingine, uitwao DRIVE, ambao wafugaji nao huchangia sehemu ya ada.

Waheshimiwa, katika njia hizi zote tatu, jambo kubwa ni wakati. Robota moja likifika mapema huokoa ng'ombe; marobota kumi yakifika akiwa amekwisha anguka ni hasara tupu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Twaweza kuidai Serikali itimize wajibu wake kwa wakati, na ni haki yetu. Tangu Katiba ya 2010, kazi ya ufugaji iko chini ya serikali za kaunti. Basi madai yetu yapelekwe huko kwanza, kabla ya malisho kwisha. Mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame, iitwayo NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 kame, ikieleza kama hali ni ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari au ya dharura. Yatupasa kuzisoma taarifa hizo na kuwasomea ndugu zetu.

Lakini nasi tuna deni letu. Desturi yetu imekuwa kutuma fedha nyumbani baada ya kusikia kwamba ng'ombe wameanza kufa. Wakati huo bei ya nyasi imepanda na bei ya ng'ombe imeanguka. Kwa hiyo naliweka mbele ya mkutano huu ombi moja: sehemu ya hazina ya Chama itengwe kwa kununua nyasi mara baada ya mvua, zikiwa nyingi na rahisi, zihifadhiwe katika banda lisilovuja, juu ya mbao, mbali na mchwa. Tena neno la tahadhari likitangazwa, kila mwanachama awashauri wa nyumbani wauze wanyama wachache wenye afya, ili waliobaki wapate kula.

Najua si rahisi kumwambia mzee auze fahali aliye mnene. Ng'ombe si fedha tu. Ni mahari, ni maziwa ya watoto, ni karo ya shule. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hatuwezi kuwaacha wote wafe ili tusimtoe mmoja.

Nawaomba Wazee walifikiri ombi hili kwa hekima yao, na mkutano ulikate shauri leo, maana mvua hazitungoji.