Udongo Kabla ya Mbegu

Mkulima wa milima ya Iveti, hapa Machakos, hangoji mvua inyeshe ndipo achimbe matuta ya fanya juu. Hutayarisha shamba mapema, maana hata mbegu njema haishiki kwenye udongo usioandaliwa.

Ndivyo ulivyo mji wa mimba. Kila mwezi utando wake wa ndani hunenepa na seli zake hubadilika, ili mimba ipate pa kujishikiza na chakula. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walieleza kuwa wanawake waliopoteza mimba mara kwa mara walikuwa na upungufu wa seli shina katika utando huo. Zipo sababu nyingine pia: kasoro za kromosomu, matatizo ya tezi ya shingo, na damu inayoganda kupita kiasi. Hakuna hata moja kati yake iliyo laana.

Mama mkwe, usimwulize mkaza mwanao alibeba mtungi gani. Mimba zikitoka mara mbili, msingoje ya tatu. Mume na mke waende hospitali pamoja. Mwanamke huyo anahitaji uchunguzi, si lawama.