Usiku wa 27, Mamako Yuko Wapi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu, naanza na swali. Usiku wa kuamkia 27 Ramadhan, wewe umesimama msikitini safu ya mbele, mamako alikuwa wapi? Mimi jibu langu lanitia haya. Mwaka mmoja nilirudi nyumbani saa nane za usiku, nimetoka kwenye qiyamu, najiona mcha Mungu kwelikweli. Nikamkuta mamangu jikoni jasho lamtoka, trei ya nne ya biskuti ndiyo kwanza yaingia kwenye oveni, na dadangu amesinzia kitini mikono ingali na unga. Mama akaniuliza, "Imamu amefika sura gani leo?" Nikamjibu, nikachukua biskuti mbili, nikaenda zangu kulala.

Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa likiingia kumi la mwisho Mtume (S.A.W.) alikaza kikoi chake, akauhuisha usiku na akawaamsha watu wa nyumbani kwake. Aliwaamsha kwa ibada, jamani. Sisi wetu tunawakesha kwa vileja!

Sisemi biskuti za Idi ziachwe. Kumpelekea jirani ni katika mafundisho ya dini yetu, Mtume (S.A.W.) aliwausia wanawake wasidharau zawadi ya jirani, hata ikiwa ni kwato ya mbuzi. Na mitaani kwetu Pwani mwaijua desturi: sahani ikija na kitu hairudi tupu. Ninalosema ni kwamba kazi ile yaweza kumalizwa kumi la pili, ikatiwa friza, ikangoja mwezi.

Biskuti za siagi hazina taabu. Kanda unga wako, fanya vidonge, vipange kwenye trei visigusane, tia friza saa moja au mbili mpaka viwe vigumu kama mawe. Hapo ndipo uvitie kwenye mkebe wenye kifuniko cha kubana. Ukivitia vikiwa laini vitashikana viwe donge moja, na utalia. Siku ya kuoka huna haja ya kuviyeyusha. Vitie kwenye oveni hivyo hivyo, uongeze dakika mbili tatu tu. Vileja ni bora vigandishwe vikiwa vimeshaokwa na vimepoa kabisa, na kila safu uitenge kwa karatasi, kwani vile huvunjika ukivitazama tu. Kashata za nazi na labania pia zastahimili baridi. Visheti vikaange, uviweke vikavu, na sukari uitie Idi ikikaribia. Lakini kaimati usijaribu. Kaimati ni kitu cha kuliwa moto moto. Na halwa iache nje kwenye kikapu chake, baridi huifanya ngumu.

Sasa, hapa nina ushahidi wangu mwenyewe. Mwaka tulioanza mpango huu tulifunika biskuti kwa kitambaa tu, tukaziweka juu ya vipande vya papa. Siku ya Idi mgeni alitafuna moja, akanyamaza, akaomba maji. Siagi na samli hunywa harufu upesi sana. Basi mkebe ubane, na samaki awe na pembe yake. Mifuko ya plastiki ya dukani imepigwa marufuku nchini tangu 2017, lakini mikebe mitupu ya aiskrimu yafaa sana, ioshwe tu vizuri. Andika tarehe juu yake.

Jambo jingine, kile kisanduku cha barafu kilicho ndani ya friji ndogo ya mlango mmoja si friza. Friza yenyewe hufika nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwenye kisanduku kile weka vitu vya siku chache tu. Kama jirani ana friza kubwa, muombe nafasi, naye mtengee sahani yake. Stima ikipotea usifungue fungue; friza iliyojaa hubaki na baridi kama siku mbili ikiwa mlango umefungwa.

Na nani afanye? Vijana wa kiume, msitazame chini. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Kuvingirisha vidonge hakuhitaji digrii. Jumamosi moja baada ya Alasiri, ndugu watatu, trei sita zimekwisha kabla ya adhana ya Magharibi.

Ila tusichanganye mambo. Sahani ya biskuti ni zawadi, haisimami badala ya Zakatul-Fitri. Fitri ni chakula cha kushibisha, pishi kwa kila mtu wa nyumbani, na imfikie maskini kabla ya swala ya Idi.

Mwezi ukiandama, iwe ni usiku wa 29 au 30, toa mikebe friza uiweke mezani. Usifungue kifuniko. Ukifungua mapema, umande utaingia kwenye biskuti zilegee. Ukiiacha imefungwa, maji hukaa nje ya mkebe. Baada ya saa moja au mbili ziko tayari kupangwa kwenye sahani, na mama ana nafasi ya kukaa na kuleta takbira pamoja nasi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.