Siku Kumi kwa Miaka Kumi: Safari Yetu ya Miji ya Kale na Milima ya Usambara

(Mazungumzo yaliyosomwa kwa niaba ya wanachama siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



 Tumepewa nafasi ya kueleza habari za safari yetu. Tunajua wengi mmeshasikia mengi, sokoni na kwenye foleni ya maji. Wapo waliosema, "Wale akina mama wamekwenda kula hela." Basi leo tutaeleza sisi wenyewe, mazuri tuliyoyaona, pamoja na jambo moja ambalo kulisema mbele ya wageni si rahisi.

JINSI SAFARI ILIVYOPATIKANA

Itakumbukwa kuwa miaka mitatu iliyopita tulikuwa wanachama 26. Tulikaa kikao tukijiuliza tutaadhimishaje miaka kumi. Yakaja mawazo mawili. La kwanza, tuchange tununue mashine ya kusaga. La pili, tuchange twende tukaione nchi yetu, maana wengi wetu tumezeeka Dar es Salaam hii hii na mbali tulikofika ni msibani. Ikapigwa kura. Kura 17 zilitaka safari, kura 9 zilitaka mashine. Tukasema wengi wape, tukapiga makofi, tukafunga kikao.

Katika wale tisa, saba walikubali yaishe wakaungana nasi. Wawili walichukua hisa zao wakatoka kwenye kikundi. Tuliwasindikiza kwa maneno, na mengine hayakuwa maneno ya watu wazima. Hili tuliweke hapa, tutalirudia.

Tuliobaki 24 tulichanga shilingi 3,000 kila wiki kwa miaka mitatu. Kila mmoja akafikisha shilingi 468,000, na jumla ikawa shilingi 11,232,000. Fedha za hisa na za mikopo hazikuguswa hata senti. Tulikodi Kosta, tukalala wawili wawili kwenye nyumba za kulala wageni za bei nafuu, na sufuria zetu tulibeba. Matumizi yote yalikuwa shilingi 10,870,000. Zikabaki shilingi 362,000. Daftari liko kwa Mama Mweka Hazina, anayetaka kulikagua anakaribishwa.

BAGAMOYO NA KAOLE

Siku ya kwanza tulilala Bagamoyo. Jamani, ni hapo mlangoni petu tu, na nusu yetu hatukuwa tumewahi kufika! Tulianzia Kaole, kilomita chache kusini ya mji. Kuna magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe, na msikiti mmoja ni wa tangu karne ya 13. Mwongozaji alituonyesha kaburi linaloitwa la Sharifa, ambalo watu hulizuru mpaka leo wakiomba dua. Tulisimama kimya. Miaka ile yote, na mwanamke bado anakumbukwa!

Mjini tuliona barabara ilipokuwa ikiishia misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilifika hapa mabegani mwa wapagazi, na watu waliotekwa walifika hapa wakiwa katika minyororo. Mwongozaji alitueleza kuwa jina la mji lina tafsiri mbili. Wapo wasemao ni mpagazi aliyebwaga moyo kwa raha kwamba amefika. Wapo wasemao ni mtumwa aliyebwaga moyo wake hapa, kwa kuwa mbele yake ni bahari na kurudi kwao hakupo. Mji mmoja, jina moja, na kila mtu analisoma kwa mzigo aliokuwa ameubeba.

Kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 tuliona mahali ulipolazwa mwili wa Livingstone mwezi Februari 1874. Alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na Chuma na Susi pamoja na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miguu mpaka pwani. Majina hayo mawili tuliyasoma shuleni. Kumbe msafara ule ulikuwa na wanawake pia, akiwemo Halima aliyekuwa mpishi. Mwenzetu mmoja akasema, "Bila huyo aliyepika, wangefika?" Tulicheka, lakini lilikuwa swali la kweli.

Mwaka 1891 Wajerumani waliuhamishia makao makuu yao Dar es Salaam, na utajiri wa Bagamoyo ukapungua. Hapo mwongozaji alisema neno ambalo tuliliandika: mji uliishi kwa mali inayopita, na mali ilipopata njia nyingine, haukubaki na kitu. Sisi wa vikundi vya kuweka na kukopa tunalielewa hilo haraka. Fedha inayopita mkononi si sawa na fedha iliyokaa.

TANGA, TONGONI NA PANGANI

Kutoka Bagamoyo tulipita Msata, Segera na Muheza mpaka Tanga, tukakaa huko siku tatu. Tuliona nyumba za zamani na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893. Tulisimuliwa vita vya Novemba 1914, ambapo Waingereza walishusha jeshi lenye askari wengi kutoka India, wakashindwa, na nyuki nao wakaingia vitani kwa upande wao wenyewe! Tulikwenda Tongoni, kwenye msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine yalijengwa yakiwa na nguzo.

Pangani ni mji mtulivu, mto mpana unaingia baharini polepole. Usidanganyike na utulivu. Hapo ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kupinga Wajerumani tangu mwaka 1888, alinyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Na hapo karibu, Kikogwe, ndipo mkonge ulipoanza kupandwa. Mwaka 1893 Dakta Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Miche 62! Kutokana na hiyo yakatoka mashamba yaliyojaza mkoa mzima, na kwa miaka mingi Tanganyika ilitajwa duniani kwa mkonge. Baadaye zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakawa pori.

Mama mmoja kwenye gari alikuwa kimya njia nzima. Baba yake alikata mkonge Korogwe, na akafa bila kumiliki hata shina moja la mmea alioukata maisha yake yote. Hatukuwa na la kumwambia. Tulimpa karanga, tukakaa naye.

KUPANDA MLIMANI: AMANI

Siku ya sita tuliiacha pwani. Kutoka Muheza gari lilipanda kwa kona, joto likabaki chini, madirisha yakafungwa, masweta yakatoka kwenye mabegi. Hapa inafaa tueleze vituo hivi vya milimani vilikuwa nini. Wageni waliotawala walichoshwa na joto na homa za pwani, wakatafuta vilele vyenye baridi ili wapumzike, wafanye utafiti, na waone kama wanaweza kulowea huku. Mabwana walipanda kupumzika. Aliyechonga barabara na kubeba mizigo hakupanda kupumzika.

Amani ilifanywa kituo cha utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902. Ililetwa miti kutoka pande nyingi za dunia ijaribiwe. Tulioneshwa mkwinini, mti ambao gome lake hutoa dawa ya malaria. Kila mmoja wetu aliyewahi kukesha na mtoto mwenye homa aliligusa lile gome kwa mkono. Tulioneshwa pia ua dogo la rangi ya zambarau linaloota kwenye mawe yenye kivuli. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga alipeleka mbegu zake kwao, ua likapewa jina la familia yake, na leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima. Wenyeji walikuwa wakilipita kila siku wakienda kuni.

LUSHOTO

Siku ya nane tulishuka, tukapita Korogwe mpaka Mombo, tukapanda tena kupitia Soni, kama kilomita 33 za kona na mabonde. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu umekaa kwenye paa, na sisi wa Dar tukatoka nje na khanga mbili mbili, meno yanagongana. Sokoni kabichi, karoti na viazi vilikuwa kwa bei ya kukufanya utake kuhamia. Tulikwenda Irente, ukingoni kabisa mwa mlima, ukitazama chini unaona Mazinde na mashamba ya mkonge kama kitambaa kilichotandikwa. Wengine walipiga picha. Wengine walishika miti kwa mikono miwili wakasema wameona inatosha.

Lakini jambo kubwa la Lushoto halikuwa ukingo ule. Mkubwa wetu kwa umri, tunayemwita Bibi, ni Msambaa wa upande wa Mlalo. Aliolewa pwani akiwa msichana. Tulipofika kwenye mteremko uliokatwa ngazi ngazi aliomba gari lisimame, akashuka na fimbo yake, akatusimulia.

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, na baadaye ukaenezwa Usambara. Kila mkulima alitakiwa achimbe matuta shambani mwake. Asiyechimba aliadhibiwa. Waliolima walikuwa wanawake, kwa hiyo kazi iliwaangukia wanawake. Bibi alikuwa mtoto mdogo, akimpelekea mama yake maji huku mama anachimba, na chakula nyumbani hakijapikwa. Watu walipinga, wanawake wakiwemo, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa.

Mmoja wetu akauliza, "Lakini Bibi, si matuta yanasaidia shamba?"

Bibi akajibu, "Udongo ulikuwa unakwenda na maji kweli. Hilo mama yangu alilijua kuliko wao. Lakini hawakumuuliza. Walihesabu matuta, hawakumhesabu yeye."

Kijana aliyekuwa akituongoza akaongeza kuwa katika miaka ya 1980 kazi ya kuhifadhi udongo ilirudi Lushoto kwa njia nyingine, kwa mistari ya majani ya malisho na miti inayokinga mteremko. Majani yale mwenye ng'ombe anayakata na kulisha. Kinga ya udongo ikawa pia faida ya mwenye shamba.

Tulirudi garini. Hakuna aliyeimba. Baada ya muda Bibi, ambaye mwenyewe alipiga kura ya safari, akasema bila kugeuka: "Na sisi wale wawili tuliwauliza?"

TULIYORUDI NAYO

Ndugu wageni waalikwa, hapa ndipo pale tulipopaweka kando. Kura yetu ilikuwa halali. Safari ilikuwa nzuri, na hatujutii kwenda. Lakini wale wenzetu wawili hatukuwauliza kwa nini wanataka mashine. Baadaye ndipo tukajua. Mmoja alikuwa na mume mgonjwa na alitafuta kazi ya kufanya karibu na nyumbani. Mwingine alikuwa anatembea mbali na debe kichwani kila wiki kwenda kusaga. Sisi tulihesabu kura 17, tukawahesabu wao kama kura 2. Hatukuwahesabu kama watu waliokaa nasi miaka saba, waliotuzikia wazazi na kutulelea watoto.

Tuliporudi tulituma wazee wawili wakawaone. Mmoja amewakaribisha chai, wakazungumza. Mwingine hajafungua mlango. Hatumlaumu. Tutarudi tena.

Kwa hiyo tunatamka mbele yenu mambo matatu. Kwanza, katiba yetu imeongezwa kifungu: jambo lolote la fedha mpya litajadiliwa vikao viwili kabla ya kura, na wenye mawazo ya wachache watasikilizwa kwanza. Pili, zile shilingi 362,000 zilizobaki zimefungua mfuko wa mashine ya kusaga. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mfuko huo bado una njaa, tunakuachia mwenyewe! Tatu, nafasi za wenzetu wawili zipo, na namba zao za uanachama hazijapewa mtu mwingine.

Kwa wale wanaouliza tulileta nini kutoka safari ndefu hivyo, tulileta viazi na karoti, ndiyo, majirani wengi wamekula. Tulileta pia picha, zimebandikwa pale ukutani. Na tulileta swali la Bibi, ambalo tutaomba lisomwe kila tunapotaka kupiga kura: tumewauliza?